Naomba ushauri: sbatch inaenda, srun inaganda kwenye klasta ya Slurm

Wakuu, habari. Klasta yetu inatumia Slurm (programu ya kupanga foleni ya kazi na kuzigawia kompyuta). Ina seva moja ya slurmctld (msimamizi mkuu wa Slurm), nodi nne (kompyuta za kufanyia kazi) zenye slurmd (huduma ya Slurm ya kila nodi), na seva ya kuingilia watumiaji. sinfo inaonyesha nodi zote ni idle (hazina kazi). Kazi za sbatch (zinazoingia foleni na kujiendesha zenyewe) zinaisha vizuri, lakini srun (inayoonyesha matokeo moja kwa moja kwenye skrini), mfano srun -N2 hostname kwa nodi mbili, ikitumwa kutoka seva ya kuingilia inapewa nodi, kisha inaganda. Ikitumwa kutoka kwenye nodi, inajibu papo hapo.

munge (inayothibitisha utambulisho kati ya mashine) iko sawa: munge -n | ssh n03 unmunge, kwenda nodi ya n03, inarudisha Success, kwa hiyo ufunguo wake na saa havina shida. slurm.conf (faili ya mipangilio) ni ileile kila mahali. Poti 6817 (slurmctld) na 6818 (slurmd) ziko wazi.

Ninashuku faiawoli ya seva ya kuingilia. srun hufungua poti zake za nasibu, na nodi ndizo zinazorudi kuunganisha ili kuleta matokeo. Sbatch haihitaji hilo kwa kuwa matokeo yake huandikwa kwenye faili. Faiawoli ikizimwa, srun inapita, lakini siwezi kuiacha hivyo.

Nikiweka SrunPortRange=60001-63000 kwenye slurm.conf, ili srun itumie poti za kati ya hizo tu, na kuruhusu poti hizo kutoka mtandao wa nodi tu, zitatosha watumiaji wakiwa wengi? Kila srun hula poti kadhaa. Na kati ya nodi zenyewe, mnaacha wazi kabisa au mnabana? Kazi za MPI (programu moja inayoendeshwa kwenye nodi nyingi zikiwasiliana) zipo pia.