Maonyo manane kwenye tovuti mpya ya WordPress: nifute, nisakinishe upya, au nichunguze kwanza?

mgeni_wa_tovuti
Ndugu zangu, juzi nilisakinisha WordPress (programu ya kuundia tovuti) kwa ajili ya tovuti ya ushirika wetu wa akiba na mikopo, nikitumia kisakinishi kilichomo ndani ya cPanel, paneli ya kusimamia seva. Kabla sijaandika hata ukurasa mmoja, nilipitisha ukaguzi wa Wordfence (plagini, yaani programu ya nyongeza, ya usalama) nao ukanitolea maonyo manane, likiwemo la faili isiyojulikana ndani ya wp-admin (folda ya usimamizi) na mengine ya faili zinazoweza kusomwa na yeyote. Ninashangaa, kwa sababu tovuti hii haijatangazwa popote wala hakuna mtu aliyeitembelea. Je, nibonyeze kitufe cha kufuta faili zote zilizotajwa, nisakinishe upya, au nijaribu kikaguzi kingine ili nilinganishe majibu?

mtunza_seva
Kitufe cha kufuta usikiguse kwanza. Wordfence huzilinganisha faili zako za msingi na nakala zilizoko WordPress.org, na chochote inachokikuta ndani ya wp-admin au wp-includes ambacho hakimo kwenye nakala asilia hukitolea onyo, kiwe kibaya au kiwe takataka tu. Katika seva za kuchangia (tovuti nyingi kwenye mashine moja), mara nyingi faili hiyo huwa error_log, ambamo PHP, lugha inayoiendesha WordPress, huandika hitilafu zake yenyewe. Ifungue uisome: ukikuta mistari inayolalamikia kumbukumbu (memory) ya seva kuisha, hujadukuliwa, bali seva yako imebanwa, na ukaguzi wenyewe wa Wordfence hula kumbukumbu nyingi.

Kama una SSH (njia ya kuiamrisha seva kwa maandishi), endesha `wp core verify-checksums`. Mimi ninaiamini kuliko plagini yoyote kwa kazi hii moja, maana haikisii chochote: inalinganisha alama za faili na kukuambia ipi imebadilika na ipi imezidi. Upungufu wake ni kwamba haiingii ndani ya wp-content, folda ya plagini, mandhari na picha. Kwa plagini kuna `wp plugin verify-checksums --all`, lakini nayo inazijua zile tu zilizomo kwenye orodha ya WordPress.org; plagini ya kulipia uliyopewa na rafiki kwenye flashi haitaweza kukuthibitishia.

mkaguzi_wa_nje
Kikaguzi cha pili kina faida, ila ujue kinatazama wapi. Sucuri SiteCheck husimama nje na kuona kile anachokiona mgeni, kwa hiyo mlango wa nyuma (msimbo wa siri wa kumwingiza mdukuzi) uliofichwa kwenye folda ya picha kinaweza kuupita bila kuuona. HTTP Observatory ya Mozilla ni jambo jingine kabisa, kwani hupima heda za usalama (maagizo ambayo seva hukipa kivinjari) kama Content-Security-Policy na Strict-Transport-Security, na WordPress mpya isiyoguswa hupata daraja la chini bila kuwa na ugonjwa wowote. Nimeona watu wakipata daraja la F, wakaogopa, wakabandika heda walizozinakili mahali fulani, na kesho yake kihariri cha kurasa hakifunguki. Hiyo Strict-Transport-Security, inayokiamuru kivinjari kitumie HTTPS pekee, nayo usiiwekee muda wa mwaka mzima kabla hujahakikisha cheti cha HTTPS kinajisasisha chenyewe. Vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt hudumu siku 90, na siku kitakapokwisha muda wake kivinjari hakitampa mgeni nafasi ya kulipuuza onyo.

mzee_wa_kufuta
Mnamzungusha bure. Tovuti haina makala wala wanachama. Aifute, asakinishe upya, ni kazi ya dakika 10.

mtunza_seva
Kwa tovuti tupu sikatai, lakini akisakinisha juu ya public_html (folda ya faili za tovuti) ileile yenye mabaki, maonyo yatarudi yaleyale. Mgeni, tuorodheshee hayo ya faili zinazosomwa na yeyote.

mgeni_wa_tovuti
Nimezifuatilia moja moja. Ile ya wp-admin kweli ni error_log, imejaa malalamiko ya kumbukumbu. Nyingine ni .user.ini, ambayo nimegundua kwamba Wordfence yenyewe iliiweka nilipowasha kinga yake, kisha ikanionya juu yake. Nne ni plagini zinazohitaji kusasishwa, na moja ni debug.log tupu. Iliyobaki inaitwa wp-config.php.bak, nakala ya faili ya mipangilio niliyoitengeneza mwenyewe kabla ya kuhariri. Nilipoandika anwani yake kwenye kivinjari, jina la hifadhidata na nenosiri lake vilitokea mbele yangu kama barua.

mtunza_seva
Hilo ndilo onyo lenye uzito kati ya manane. Faili ikiishia na .php, seva huitekeleza na mgeni haoni kilichomo, ikiishia na .bak, seva huitoa kama maandishi ya kawaida. Sasa ingia cPanel, pakua rekodi za seva za waliotembelea (access log), tafuta jina la faili hiyo na utazame kama kuna aliyejibiwa 200 (yaani amepewa faili) mbali na wewe. Tovuti yako kutotangazwa si kinga: cheti kinapotolewa, jina la tovuti huingizwa kwenye daftari la wazi la vyeti, na roboti hulisoma daftari hilo mchana na usiku.

mgeni_wa_tovuti
Kuna mistari miwili yenye 200. Mmoja ni wangu wa leo. Mwingine ni wa anwani nisiyoijua, jana saa 9 usiku. Ninaona haya kukiri kwamba nenosiri lile ndilo nililoiwekea pia akaunti ya msimamizi wa tovuti.

mzee_wa_kufuta
Basi turudi kwenye dakika zangu 10.

mtunza_seva
Safari hii ninakubaliana nawe. Kuingia kama msimamizi kunatosha kupakia plagini yenye mlango wa nyuma, kwa hiyo kusafisha faili moja moja hakutoshi. Mgeni, futa public_html yote pamoja na hifadhidata, badilisha nenosiri la cPanel, tengeneza mtumiaji mpya wa hifadhidata, na nakala zako za wp-config ziweke nje ya public_html, si ndani yake.

mgeni_wa_tovuti
Nimemaliza sasa hivi. Ukaguzi mpya umetoa onyo moja tu, lile la .user.ini, nami nimebonyeza kitufe chake cha kuificha faili hiyo.