Tupeane uzoefu: kiatu gani kilikuokoa, au kukuponza, kwenye pikipiki?

Mwana Makorora: Leo asubuhi pale stendi ya Kange, hapa Tanga, nimemwona kijana wa boda anapakia abiria, ndala yake ya kushoto imeungwa kwa waya wa umeme. Mie nimekaa zangu ndani ya bajaji, nikasikia kidole kinauma. Kidole chenyewe ni cha mwaka 2016. Nilikuwa Mikanjuni napandisha gia kwa mgongo wa dole gumba, jasho limejaa, kandambili ikageuka, ncha ya chuma ikaingia chini ya ukucha. Ukucha ukasimama kama mfuniko wa kopo la maziwa. Nikaendesha hivyo hivyo hadi nyumbani kwa gia moja, injini inalia, na mimi nalia. Wenzangu mlivaa nini siku yenu?

Kijiwe Duga: Dole la kushoto. Ukucha ulirudi, umepinda. Nipo.

Mbondei Halisi: Mwe! Nimesoma huku nimekunja vidole.

Mwalimu wa Pongwe: Mie naendesha mwenyewe, na nataka niseme jambo ambalo vijana hamlisemi, kwamba si lazima uwe mwendo kasi. Mimi nilianguka pikipiki ikiwa imesimama.

Nilivaa viatu vya wazi vya mikanda, vizuri, nilivinunulia harusi ya mdogo wangu. Nimetoka shule, nimefika barabara kubwa, nasubiri lori la saruji lipite. Mguu wa kulia uko kwenye breki. Pale barabara imelala kidogo upande wa kulia, pikipiki ikaanza kuinama huko, nikataka kushusha mguu nikanyage chini. Mguu haukuja. Mkanda wa kiatu ulikuwa umenasa kwenye ncha ya pedeli ya breki. Nikavuta. Nikavuta tena. Jamani, pikipiki inavyolala huwa haina haraka, unaiona kabisa, unapata hata muda wa kusema "aa-aa-aa", kisha uzito wote unakuja kwa pamoja, na ile kitu ni zaidi ya kilo 100.

Ikanilalia mguu wa kulia, na ekzosi iko upande huo huo. Ilikaa juu ya shavu la mguu wangu kwa muda gani sijui. Nilichosikia kwanza si maumivu, ni harufu. Nikafikiri kuna mtu anachoma ngozi ya mbuzi. Darasa la nne zima lilikuwa ng'ambo ya barabara: "Mwalimu kaangukaaa!" Dereva wa lori na kondakta wake ndio walioinyanyua. Mama mmoja wa duka akaja mbio na dawa ya meno, akamimina bomba zima. Kovu ninalo, pana kama kiganja. Kiatu kilibaki kizima, hata mkanda haukukatika. Ungekatika ningepona.

Sasa navaa raba ndefu za kufunika kifundo, na kamba nikishafunga nazichomeka ndani, hazining'inii hata moja.

Kijiwe Duga: Pole sana mwalimu. Hiyo ya kamba ni kweli, mie ilishawahi kuzungukia kikanyagio, nilipona kwa sababu kulikuwa na ukuta wa mtu wa kuegemea.

Nesi Zamu ya Usiku: Mwalimu pole. Naomba niingilie hapo kwenye dawa ya meno. Ukiungua na ekzosi, tafuta maji ya bomba, yatiririke juu ya jeraha dakika 20. Maji ya kawaida, si barafu. Usipake dawa ya meno, wala unga, wala mafuta ya taa. Mkifika kwetu kazi ya kwanza ni kuiondoa hiyo dawa ya meno, na hapo ndipo mnapotutukana. Na ukichubuka kwenye lami au udongo, uliza sindano ya pepopunda, usisubiri.

Bibi Sahare: Ute wa yai. Nimelea watoto saba.

Nesi Zamu ya Usiku: Shikamoo bibi. Yai tukaange.

Bibi Sahare: Marahaba. Na wewe utakuja kuungua na mafuta ya hilo yai, utanitafuta.

Shehe Boksa: Niwaambie ukweli watu wa maofisini mnaocheka ndala. Nina miaka 11 kwenye boda hapa mjini. Kiatu cha kamba nakivua mara ngapi kwa siku? Adhuhuri msikitini, alasiri msikitini, magharibi msikitini. Nikimaliza kufungua kamba imamu yuko rakaa ya pili. Na nilishanunua raba mpya, Ijumaa moja tu, nimetoka nimekuta pengo. Ndala haiibiwi, ikiibiwa ni bahati mbaya ya mwizi. Halafu joto la Tanga mnalijua. Mguu ukikaa ndani ya buti kutwa nzima ukiutoa abiria anashuka kabla hajafika.

Saruji 42: Shehe, msikiti si hoja. Mimi natoka Pongwe kila siku na buti zangu za sefti za kiwandani, sijawahi kupoteza hata kidole. Kile kichuma cha mbele kinapimwa kwa kishindo cha joule 200. Wewe ndala yako imepimwa na nini?

Shehe Boksa: Hicho kichuma ndicho kinachokata vidole. Lori likikanyaga, chuma kinajikunja, vidole vyote vinabaki ndani kama soseji.

Saruji 42: Hiyo stori kila mtu anaisikia kwa mtu aliyeisikia. Nitajie mmoja unayemjua. Lori la kukikunja kile chuma, vidole vya ndala lingeviacha wapi?

Kijiwe Duga: Ila Saruji kubali na wewe, hizo buti ni nene mbele. Nilijaribu za shemeji, zikawa haziingii chini ya gia. Nikipandisha gia nakanyaga hewa. Gia ya kukanyaga mbele na nyuma unaweza, ila ile ya kunyanyua kwa dole ni tabu tupu. Na soli ni ngumu, breki huisikii, unashtukia tairi la nyuma limeshafunga.

Saruji 42: Hapo nakubali kidogo. Kidogo.

Mbondei Halisi: Sisi wa Muheza kwenda juu Amani, msimu wa mvua ni gambuti tu. Udongo mwekundu ule hauna adabu.

Mwana Makorora: Gambuti si inayeyuka kwenye ekzosi?

Mbondei Halisi: Inayeyuka. Yangu ina tundu upande wa kulia. Na ukianguka inabaki barabarani, wewe unaendelea na safari. Lakini mguu mkavu.

Mzee wa Katambuga: Katambuga. Tairi juu ya tairi. Haliteleziki.

Saruji 42: Na vidole viko nje vinapunga upepo mzee wangu.

Usiku wa Manane: Nyie mnabishana viatu, mimi nilishampakia asiyekuwa na viatu. Ilikuwa Raskazone, saa nane usiku, nimeshusha mteja narudi. Dada kasimama chini ya mti, baibui jeusi, udi unanukia mpaka kwenye helmeti. "Nipeleke Chumbageni." Kapanda. Kama kawaida yangu nikamwambia, dada angalia mguu wa kulia, ekzosi ya moto. Akasema taratibu sana, "Mimi siungui." Nikanyamaza. Kila nikipita tuta nasikia *ko!* kwenye kikanyagio cha nyuma. Nikipita jingine, *ko!* Jamani, mimi kwetu tumefuga punda, ile sauti naijua. Tumefika, kashuka, kanilipa, kaingia kichochoroni: *ko, ko, ko, ko*. Sikugeuka. Nilipofika kwenye taa za barabarani nikaona mguuni nina ndala moja.

Mbondei Halisi: MWE!

Kijiwe Duga: Kichochoro gani? Mie nalala Chumbageni!

Nesi Zamu ya Usiku: Kaka, alivaa viatu vya kisigino kirefu.

Usiku wa Manane: Saa nane za usiku?

Nesi Zamu ya Usiku: Sisi wa zamu tunarudi saa hizo. Labda ulinipakia mimi.

Shehe Boksa: Msifanye mzaha na haya mambo. Ukipita pale usiku soma Ayatul Kursiyu.

Bibi Sahare: Zamani walikuwa wengi. Siku hizi wamepungua kwa sababu ya makelele yenu.

Saruji 42: Mada ilikuwa viatu.

Mzee wa Katambuga: Kwato ndiyo kiatu bora. Haiungui, haiibiwi msikitini.

Mama Wawili: Samahani, mnacheka, lakini mimi nimekumbuka la kwangu. Mwanangu alikuwa na miaka mitano. Nilimpandisha boda nyuma yangu, anilalie mgongoni. Miguu yake ilikuwa haifiki pa kukanyagia, inaning'inia. Alivaa ndala, ikamponyoka, akatafuta pa kuweka mguu, kisigino kikaingia kwenye spoku. Dereva akasikia pikipiki imekuwa nzito, akaongeza mafuta. Ngozi ya kisigino ilitoka kama ganda la chungwa. Miezi miwili ya kufunga dawa, na alipopona akawa anatembelea ncha ya mguu kwa muda mrefu. Siku hizi mtoto akiwa mdogo hivyo napanda daladala.

Mwana Makorora: Pole sana mama.

Nesi Zamu ya Usiku: Hizo tunazipata, na ni visigino vya watoto karibu kila mara. Raba ya kufunika inasaidia, lakini kama mguu haufiki, haufiki.

Shehe Boksa: Pikipiki nyingine za India huja na kichuma upande wa kushoto, cha kuzuia nguo isiingie kwenye gurudumu. Vijana wanakifungua, wanasema kinapiga kelele. Mimi changu kipo, na fundi wa kuchomelea kanizungushia na wavu upande wa pili. Akina mama wa kukaa upande wenye kanga ndefu ndio wateja wangu.

Saruji 42: Shehe, leo umesema neno. Sasa bado ndala.

Shehe Boksa: Niache.

Mtumba Gredi A: Habari zenu. Mimi nauza viatu vya mtumba Mgandini, niwape siri mbili. Shehe, tafuta buti fupi zile za lastiki pembeni, hazina kamba. Unavuta, umevua, unavuta, umevaa, rakaa ya kwanza unaiwahi. Zinafunika kifundo chote. Hakikisha ni ngozi na soli imeshonwa, ile ya gundi tupu inafunguka mdomo kwa joto la injini. Pili, mara chache kwenye beli zinatoka buti za pikipiki zenyewe za Ulaya. Angalia ndani, kuna kitambaa chenye picha ya mtu juu ya pikipiki na maandishi EN 13634. Chini yake kuna tarakimu 1 au 2 kwa urefu, kuchubuka, kukatwa na kukandamizwa. 2 ndiyo nzuri. Ukikuta picha hiyo usibishane bei sana, atashtuka muuzaji.

Kijiwe Duga: Na za jeshi je? Ni ngumu na ndefu.

Mtumba Gredi A: Hizo usinihusishe. Vaa, ukutane na wenyewe.

Mwalimu wa Pongwe: Za lastiki zipo za kike? Mguu wangu 39.

Mtumba Gredi A: Ipo moja ya kahawia, mwalimu. Elfu ishirini na tano, wewe lete ishirini. Na ipo 43 nyeusi.

Shehe Boksa: Hiyo 43 niwekee mpaka jioni. Nakuja kuangalia tu.

Mbondei Halisi: Usiku wa Manane, yule dada alikulipa shilingi ngapi?

Usiku wa Manane: Elfu kumi. Sikumrudishia chenji.

Bibi Sahare: Mrudishie.

Saruji 42: Hiyo 43 Shehe akichelewa nipigie mimi.