Eti "programu haichachi kama maziwa": nimedhalilishwa mbele ya mteja

Wakuu, heshima kwenu. Naandika mikono ikinitetemeka, maana nimetoka sasa hivi dukani kwa yule bwana muuza bodi ambaye kila fundi wa jiji hili anakijua kicheko chake kabla ya kuijua sura yake. Leo kicheko hicho kimenishukia mimi, mbele ya mzee wa kamati ya maji aliyetoka kijijini alfajiri na kidhibiti cha pampu ndani ya kikapu. Nilimwambia kwamba programu iliyo ndani ya chipu ya kidhibiti hicho imeanza kufutika kwa uzee. "Programu haichachi kama maziwa, fundi," akaniambia, na duka zima likaangua kicheko hadi nikadhani mabati yatang'oka.

Kidhibiti hicho kimekaa juani miaka 17 ndani ya sanduku la chuma. Asubuhi kinafanya kazi, saa sita mchana kinaganda. Nilibadilisha kapasita, nikapima volteji, nikalehemu upya, bila mafanikio. Ndipo nikaisoma programu iliyo ndani ya chipu mara mbili, ikiwa baridi na ikiwa imepata joto: baiti mbili (vipande vidogo vya programu) hazikulingana, na katika kila moja kulikuwa na biti iliyosomeka 0 kwenye baridi na 1 kwenye joto. Katika chipu hii seli (kichumba kinachohifadhi biti moja) iliyofutwa husomeka 1, kwa hiyo 0 inayogeuka 1 ni seli inayopoteza chaji. Chaji hiyo ni elektroni zilizofungiwa ndani ya geti, kisehemu kidogo mno kilichozungushiwa oksaidi isiyopitisha umeme, nazo huvuja kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na joto huziharakisha. Sikuyatunga haya. Karatasi ya data (maelezo ya mtengenezaji) ya chipu ya ATmega328P, ambayo yeyote anaweza kuisoma bure, imeandika kwamba programu hukaa miaka 100 kwenye nyuzi 25 na miaka 20 tu kwenye nyuzi 85. Halafu eti haichachi kama maziwa!

Na chipu yenyewe haijafa. Nilichoomba ni faili la hex (nakala ya programu) peke yake, niliandike upya ili seli zijazwe chaji mpya na wanakijiji wapate maji. Faili yule bwana analo, lakini anataka kuuza bodi nzima. Tulipotoka nje, mzee akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kumbe ulikuwa unanidanganya?" Kicheko ningekivumilia, swali hilo sitalisahau.

Waya_Mwekundu: Pole sana mkuu. Mimi bwana huyo huyo wa duka aliniambia kwamba chipu ikisahau ni kwa sababu fundi hakuipenda, nami nikanunua bodi mpya kwa hasira, na hadi leo najilaumu.

Kapasita_Kubwa: Mkuu, umeandika miaka 20 kwa mkono wako, chipu yako ina 17, halafu unalalamika kwamba imesahau? Uliipiga hewa ya moto wakati wa kulehemu, ukaimaliza mwenyewe.

Mwanzisha uzi: Ilikuwa inaganda kabla sijaigusa, ndiyo maana ikaletwa kwangu. Tena miaka 20 ni kwenye nyuzi 85, na hakuna aliyewahi kupima joto la sanduku lile saa nane mchana. Na mzee bado anaamini nilimdanganya.

Mama_Risasi: Afadhali wewe chipu yako ilikubali kusomwa. Mimi naletewa mizani za dukani ambazo mtengenezaji amezifunga kwa biti za kufuli (mpangilio ndani ya chipu unaozuia programu isisomwe), kwa hiyo hata programu ikiwa nzima siwezi kuinakili kabla haijavuja, na ukifungua kufuli chipu inajifuta yote. Huo ndio unyang'anyi wa kuanzishiwa uzi.

Waya_Mwekundu: Dada, hilo la kufuli ni kweli kabisa, hasa kwenye mashine za kutotolesha vifaranga.

Kapasita_Kubwa: Mnazungumzia mizani na vifaranga wakati mimi flashi niliyohifadhia picha za harusi, iliyokaa kabatini miaka 9 bila kuchomekwa popote, imefunguka jana nusu ya picha zikiwa mistari ya kijivu. Nani anayejua kuziokoa?

Mama_Risasi: Usiandike chochote juu yake, kaka. Inakili yote kwanza, hata ikichukua usiku kucha.