Mdogo wangu ameng'ang'ania kipande kimoja cha Nausicaä, nimwambie nini?

Dada_wa_Moro
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba ushauri, na tafadhali mtu asiniambie hizi ni katuni tu.

Nina mdogo wangu wa kiume, yuko kidato cha pili. Mwezi wa pili baba yetu alipigwa na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Aliumia kiuno, mpaka leo yuko kitandani na tunamgeuza sisi. Kesi inapigwa kalenda tu. Tangu hapo dogo hacheki, na mara mbili nimemkuta nyuma ya nyumba ananoa panga, wakati shamba lenyewe halina kazi msimu huu.

Nikamwekea Nausicaä, filamu ya katuni ya Hayao Miyazaki, ile ya 1984. Nilidhani akimwona binti anayewatuliza wadudu wakubwa kama nyumba, moyo utamlainika. Kwa ambao hamjaiona: ni miaka 1000 baada ya vita vilivyoiunguza dunia kwa siku saba, na msitu wa sumu unazidi kusogelea makazi ya watu. Askari wa Tolmekia wanavamia Bonde la Upepo, wanamuua mfalme Jihl chumbani kwake, naye ni mgonjwa. Binti yake, ndiye Nausicaä, anafika, anaona, anawaangusha askari mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo dogo anaporudisha. Jana karudisha mara tatu, kisha akanigeukia: "Dada, umeona? Hata yeye."

Sikuwa na jibu. Nimfutie kwenye simu? Nimwambie nini?

Mbegu_ya_Chiko
Pole sana dada, na baba Mungu amponye.

Usifute. Ukifuta, atabaki na hicho kipande peke yake kichwani. Mwendeleze mpaka kwenye chumba cha chini ya ardhi. Pale Nausicaä anamlilia Yupa, yule mzee mpiganaji aliye mwalimu wake, anasema anajiogopa, hajui chuki itamfikisha wapi, na hataki kuua tena. Aliyeshinda lile pambano ndiye anayetetemeka. Hapo nyamaza, mwache dogo asikie mwenyewe.

Na humo chumbani kuna mimea ileile ya msitu wa sumu, lakini haitoi sumu hata kidogo, kwa kuwa anainywesha maji ya kisima kirefu na udongo wake ni safi. Uovu uko kwenye udongo ambao watu waliuchafua. Mdogo wako naye namwona hivyo. Mtoto ni mzima, ila ameoteshwa kwenye mwezi mbaya.

Mzee_Kibaoni
Mwanangu, filamu siijui. Panga nalijua. Litoe hapo nyumbani leo, kabla ya maneno yoyote. Halafu mpeleke kwa mjomba wake walau likizo hii, akae na wanaume wanaomjali, akalie huko. Mtoto wa kiume anayemgeuza baba yake kitandani kila siku, kila akimshika anakumbuka. Mnampa mzigo mara mbili.

Kapu_la_Picha
Nakubaliana na Mzee kuhusu panga. Ila nikuongezee, dada: unamwonyesha mtu asiye wake. Dogo wako ni Asbel, yule kijana wa mji wa Pejite. Dada yake Lastelle kafia mikononi mwa Tolmekia, naye anapanda ndege kulipiza na anazitungua kweli. Mwisho wake anaangushwa msituni, na anayemwokoa ni Nausicaä, ambaye alikuwa ndani ya ndege mojawapo alizozishambulia!

Halafu watazame watu wake wa Pejite. Wamevunjiwa mji, wana haki ya kulia. Wanachofanya ni kumtesa mtoto wa Ohmu, wale wadudu wakubwa, wanamning'iniza akitoka damu ili kundi zima lilikimbilie Bonde ambalo halijawakosea chochote. Filamu hii haimkatazi mtu kuumia. Inamwonyesha maumivu yanakokwenda yakiachiwa njia, na huwa hayaendi kwa aliyekuumiza. Muulize dogo: jirani ana watoto?

Dada_wa_Moro
Nimerudi. Asanteni, Mzee shikamoo.

Panga liko kwa mama mkubwa. Mjomba anakuja Jumamosi kumchukua.

Jana usiku tuliiangalia tena, mimi na yeye kwenye mkeka, baba akisikiliza kutoka chumbani. Ilipofika pale nilidhani atairudisha. Hakurudisha. Yupa akajitosa katikati, upanga wa binti ukamwingia mkononi, damu ikashuka taratibu, naye hakuurudisha mkono. Dogo akasimamisha picha hapohapo.

Akaniuliza, "Huyu mzee alikuwa anamkinga nani, askari au Nausicaä?"

Nikamwambia nadhani wote wawili, ila zaidi binti. Akakaa kimya muda mrefu. Jirani ana watoto, ndiyo, mmoja wanasoma naye darasa moja. Hilo nililitaja baadaye, kwa sauti ndogo.

Hakujibu. Aliinuka akaenda kumgeuza baba, ingawa zamu ilikuwa yangu.