Nta, silanti au seramiki kwa gari la Nairobi linaloshuka Mombasa kila Desemba?

Premio Nyeusi (mwanzilishi wa mada)

Wanajukwaa, hamjambo. Nina Premio nyeusi iliyoingia nchini ikiwa imekaribia miaka minane, yaani ule ukomo wa umri wa magari yanayoruhusiwa kuletwa, kwa hiyo rangi yake ilikuwa imeshaona jua la kutosha kabla sijaipokea bandarini. Hulala nje, kwenye maegesho yasiyo na paa huko Donholm, na kila Desemba huteremka Mombasa kwa wakwe zangu kwa wiki tatu. Mwezi huu wa Agosti, nilipokuwa nikiikausha, niliona paani weupe mfano wa ukungu ambao haufutiki kwa kitambaa.

Nimeshauriwa njia tatu: nta ya kawaida kila baada ya miezi michache, silanti (kinga ya kemikali inayopakwa kama nta) mara mbili kwa mwaka, au seramiki (kinga ya maji inayokauka na kuwa ngumu juu ya rangi), ambayo nimetajiwa shilingi 35,000. Ningependa kuwasikia waliozitumia katika jua letu na katika joto la Pwani, wala si wanaoziuza.

Mpiga Rangi wa Kirinyaga Road

Ndugu, kabla ya kuchagua kinga, hakikisha kwamba kipo cha kukingwa. Rangi ya kiwandani, kutoka kwenye chuma hadi juu kabisa, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150, na katika hizo, vanishi ya juu, ile ambayo sisi mafundi huiita klia, haizidi sana 40 au 50, ambao ni wembamba kuliko unywele mwingi wa kichwani. Kila mashine ya polishi inapopita huondoa kidogo, na anayekuahidi kulirudishia gari ung'avu kila mwaka kwa mashine anakumalizia vanishi polepole huku ukimlipa.

Pitisha ukucha taratibu kwenye ule weupe. Ukikwama kwenye ukingo, hata mdogo, vanishi imeanza kubanduka na hakuna nta wala seramiki itakayoirudisha. Hapo ni kupaka rangi upya. Usipohisi ukingo wowote, jaribu polishi laini kwa mkono kwenye eneo la ukubwa wa kiganja, nawe utaona kama weupe unaondoka.

Tusidanganywe na ubaridi wa Nairobi. Tupo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hatua chache tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo miale inayoua vanishi ni mikali hapa hata siku ambayo umevaa sweta. Ndiyo maana paa, boneti na kifuniko cha buti hufa kwanza, ilhali milango ya gari hilohilo ingali inang'aa.

Mama Fielder

Mwaka uliopita nilifanya jaribio ambalo mume wangu alilicheka. Mwezi wa Septemba, kabla jakaranda za mtaani kwetu hazijachanua, niligawa boneti katikati kwa utepe wa karatasi, nikapaka upande wa dereva nta ya karnauba, ile inayotokana na majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya minazi, na upande wa pili silanti. Kwanza niliosha, kisha nikapapasa rangi huku vidole vikiwa ndani ya karatasi ya mkate, ile ya nailoni. Zamani tulitumia mfuko wa plastiki wa dukani kwa kazi hiyo, lakini tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Agosti 2017 karatasi ya mkate ndiyo mbadala wangu. Mkono mtupu hauhisi kitu, lakini kupitia karatasi hiyo utahisi chembe kama mchanga wa unga, nazo huondolewa kwa donge la udongo laini la kusafishia rangi, huku sehemu ikiwa imeloweshwa kwa maji ya shampuu.

Sitaficha kwamba siku ya kwanza upande wa nta ulipendeza zaidi. Weusi wake ulikuwa na kina ambacho silanti haikukifikia. Hata hivyo, kufikia wiki ya sita, mvua za vuli zikiwa zimeanza, maji hayakuwa yakifanya matone upande ule, bali yalitandaa na kulala. Upande wa silanti uliendelea kuyakusanya kuwa shanga na kuyatiririsha hadi Februari.

Kuhusu kinyesi cha ndege, hakuna upande ulioshinda. Asidi iliyomo hula vanishi, na jua huongeza madhara, kwa kuwa rangi hulainika na kutanuka mchana, kisha usiku hujikunja ikifuata umbo la kinyesi kilichokauka juu yake. Kinga hukupa muda wa kuwahi kukiondoa, basi. Mimi hubeba chupa ya maji na kitambaa: nalowesha, nasubiri dakika mbili, kisha nainua bila kusugua.

Jirani wa Makorongo

Mama Fielder amenena. Mimi hufanya kazi karibu na Nyayo Stadium, ambako makorongo hukaa juu ya migunga kando ya Mombasa Road, na ndege hao hawana kipimo.

Gari langu lina seramiki mwaka wa pili sasa, nami siijutii, isipokuwa namna ilivyopakwa. Karakana niliyoipelekea iliosha gari na kulipaka siku hiyohiyo bila kuondoa mikwaruzo, kwa hiyo mikwaruzo yote sasa imehifadhiwa vizuri chini ya kinga ngumu, na kuitoa ni mpaka kinga yenyewe ing'olewe kwa mashine. Kosa la pili lilikuwa langu: niliamini kwamba seramiki haihitaji kukaushwa. Mtaani kwetu tunatumia maji ya kisima yanayoletwa na lori, na kila tone lililokauka juani liliacha duara jeupe la chumvi. Ukishaipaka, kausha kila mara, na uoshe kivulini kabla ya saa tatu asubuhi.

Mpwani wa South B

Salaam. Naona Mombasa imesahaulika, nayo ndiyo sehemu ngumu ya swali. Desemba ni mwanzo wa kaskazi: joto, unyevu, na upepo unaobeba chumvi ya bahari hadi ndani ya kiwanja. Chumvi hiyo huvuta unyevu hewani, ndiyo maana gari huamka na utando unaonata hata kama halijanyeshewa. Juu ya rangi utando huo si hatari sana ukiusuuza kila baada ya siku mbili tatu. Hatari iko chini, kwenye chesisi na mahali ambapo kokoto za barabara zimetoboa rangi hadi kwenye chuma.

Angalizo moja ambalo wageni hawalijui: visima vingi vya kwetu vina maji ya chumvi. Ukiosha kwa maji hayo, weka akiba ya madumu mawili ya maji matamu kwa ajili ya kusuuza mwisho. Wala usikubali kupakiwa seramiki ukiwa Mombasa kwenye kibanda cha wazi, kwa sababu katika joto na unyevu ule dawa hushika kabla mkono haujaifuta, ikaacha madoa yenye rangi za upinde wa mvua.

Teksi ya Usiku

Mnajadili nta, na huku vijana wa kuosha magari wanatumia sabuni ya unga ya kufulia na kitambaa kilekile kilichofuta rimu. Nta yoyote huondoka baada ya kuoshwa hivyo mara chache. Mimi huenda na shampuu yangu, vitambaa vyangu na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Mwanzoni walinicheka, sasa wananipa punguzo.

Premio Nyeusi

Nawashukuru nyote. Nimepitisha ukucha: mbele ya paa ni laini, lakini nyuma, karibu na antena, ukucha ulikwama na kipande kidogo kikabanduka kama ganda la kitunguu. Nitapaka paa upya, na sehemu zilizobaki nitazitia silanti sasa na tena mwishoni mwa Februari, kabla ya masika. Zile 35,000 zitaingia kwenye paa. Je, naweza kulitia paa silanti siku hiyohiyo?

Mpiga Rangi wa Kirinyaga Road

Hapana. Viyeyusho vilivyomo kwenye rangi mpya vinahitaji kutoka, kwa hiyo usiifunike kwa silanti kabla ya siku 30, na 60 ni salama zaidi. Lipake paa wiki ya kwanza ya Septemba, kabla ya vuli, maana rangi inayopulizwa hewani kukiwa na unyevu hupoteza ung'avu. Mwanzoni mwa Novemba litakuwa tayari kwa silanti, na Desemba utaenda kwa wakwe ukiwa na paa lililokingwa.