Naomba ushauri: nibadili uraia au nibaki Mtanzania?

Wakuu, habari za leo. Wa kunitukana anitukane, ila aniachie na neno la maana.

Niko Hamburg mwaka wa 11 sasa. Tangu Juni 2024 Ujerumani haimlazimishi mtu kuacha uraia wake wa zamani. Tatizo liko kwetu: Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, kwa hiyo nikichukua wa huku, wa Tanzania umekwenda. Jirani yangu Mkenya ana pasipoti zote mbili, Katiba yao ya 2010 imeruhusu. Ananicheka.

Nilipompigia mzee akaniuliza, "Mwanangu, umeona aibu kuwa Mtanzania?" Nikakosa jibu. Kuzaliwa Tanga sikuomba wala sikufanyia kazi, sasa najivunia nini hasa? Na kama si fahari, mbona Taifa Stars wakifungwa silali? (Usingizi wenyewe umebaki kidogo.)

Mliobadili, mlijisikiaje siku ya kurudisha pasipoti? Na wazee nyumbani mliwaambiaje?