Mjadala: Kaka wa mchumba ana skizofrenia, upande wa pili uambiwe kabla ya mahari?

Fundi wa Temeke (mleta mada): Wadau, mtaani kwetu posa imevunjika. Barua ilipokelewa, mahari ikatajwa, kisha wazee wa upande wa mwanaume wakasikia kaka wa binti huchomwa sindano kila mwezi kliniki ya akili. Mshenga hakuonekana tena. Kilichonishtua ni kwamba hawakutaja majini wala kurogwa. Walisema sayansi yenyewe imethibitisha ni ugonjwa wa jeni, yaani vinasaba vya kurithi.

Mimi nasema wamesoma nusu ukurasa. Katika watu wote, anayeugua skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo) maishani ni takriban 1 kwa 100. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa ni kama 1 kwa 10. Mtoto atakayezaliwa na binti huyu atakuwa mpwa tu wa mgonjwa, na kwa mpwa uwezekano hushuka hadi asilimia 3 au 4. Hata pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki mzima. Utafiti mkubwa wa 2022 ulitaja maeneo 287 kwenye jeni, kila moja likichangia chembe tu. Ukoo gani hauna hata moja?

Shangazi wa Ilala: Hesabu nzuri, mwanangu, lakini hujawahi kuishi nyumba moja na mgonjwa asiyelala siku tatu. Anayeoa ana haki ya kujua. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu ndoa kubatilishwa kama mmoja alikuwa na wazimu wa kujirudia na mwenzake hakujua.

Fundi wa Temeke: Shikamoo shangazi. Sheria inamsema mwanandoa mwenyewe. Kaka yake hayumo.

Shangazi wa Ilala: Marahaba. Kwenye sheria hayumo, sebuleni yumo.

Kijana wa Maabara, Upanga: Niongeze jambo ambalo wazee hawakufika. Kuwa na jeni ni kitu kimoja, jeni kufanya kazi ni kingine. Waliochunguza ubongo wa marehemu waliokuwa na skizofrenia wamekuta, kwenye gamba la mbele, jeni nyingi za mitokondria, yaani za kuzalisha nishati ya seli, zikifanya kazi chini ya kiwango. Picha za PET, yaani skani zinazoonyesha ubongo ukifanya kazi, nazo zimeonyesha mara nyingi sehemu hiyo ikitumia glukosi (sukari) kidogo.

Ila hapo ndipo wataalamu wenyewe wanabishana. Marehemu wengi walitumia dawa miaka na miaka, wengi walivuta sigara, na namna mtu alivyokata roho hubadilisha hata kiwango cha asidi kwenye ubongo. Huenda upungufu huo ni chanzo, huenda ni matokeo ya ugonjwa na maisha yake. Ukivunja uchumba kwa ushahidi wa namna hiyo umemwonea binti.

Halafu, sampuli nyingi za jeni zimetoka Ulaya na Asia ya Mashariki. Mwaka 2020 watafiti walichapisha kazi iliyofanywa kwa Waxhosa wa Afrika Kusini, wagonjwa 909, wakakuta mabadiliko adimu kwenye jeni za sinapsi, pale seli za ubongo zinapopashana habari. Huo ni mwanzo tu.

Dereva wa Gongo la Mboto: Kumbe ubongo umekosa sukari! Si anywe glukosi ya duka la dawa?

Kijana wa Maabara, Upanga: Hapana kaka. Sukari ya damu ipo, shida inayodhaniwa ni seli zinavyoitumia. Tena olanzapini na klozapini, dawa za ugonjwa huu, hunenepesha na zinaweza kupandisha sukari, kwa hiyo anayezitumia apimwe kisukari. Na mtu asiache dawa kwa sababu ya tulichoandika hapa.

Bint Kigamboni: Mbona upande wa mwanaume hauchunguzwi? Bwana harusi akivuta bangi kila jioni mnamwita mchangamfu, na bangi nayo huongeza hatari ya ugonjwa huuhuu.

Shangazi wa Ilala: Hapo umenena. Nami nipunguze ukali: jeni niachieni. Ninachotaka kujua ni nani anamsimamia kijana dawa zake, na wazazi wakifariki atahamia kwa nani. Kama ni kwa dada yake, mume aambiwe mapema akubali au akatae.

Fundi wa Temeke: Hilo nalikubali shangazi. Ila binti mwenyewe ndiye amwambie mchumba wake, kwa mdomo wake. Mshenga asipewe kazi hiyo.